Mkalimani Kabla ya Kitanda

Mtu akivunjika mguu jijini Nairobi, awe Msomali wa Islii, Mjaluo wa Kibera, Mkongomani wa Kayole au Mkikuyu wa Dagoretti, mashine ya eksirei itamtendea sawa na mwenzake. Haina haja ya kujua anazungumza lugha gani. Mguu utapigwa picha na mfupa uliovunjika utaonekana. Mwenye malaria naye atachomwa kidole, tone la damu litatazamwa kwa darubini, na vijidudu vitaonekana bila mgonjwa kuulizwa neno. Maradhi ya akili hayana darubini ya namna hiyo. Daktari anaweza kupima damu ili ajue kwamba si homa wala tezi linalomsumbua mgonjwa, lakini kwamba mtu amekata tamaa ya kuishi, au anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hilo hulijua kwa kuzungumza naye na kwa kuzungumza na wale anaoishi nao. Mazungumzo hayo ndiyo kipimo, na kwa wagonjwa wengi ndiyo pia nusu ya tiba. Sasa lichukue jiji ambalo sensa ya mwaka 2019 ililihesabia watu 4,397,073, lenye watu wa kila kabila la Kenya na wakimbizi wa nchi jirani juu yake, kisha ujiulize kipimo hicho kinafanya kazi kwa nani na kwa nani hakifanyi.

Siku hizi kuna mazungumzo mengi kuhusu kuzipanga upya huduma za afya ya akili, na hilo ni jema. Ila mipango mingi huanzia kwenye majengo: wadi ngapi, vitanda vingapi, mashine gani. Ninachokishikilia leo ni kwamba katika jiji la lugha nyingi, lugha ndiyo kifaa cha kwanza cha huduma hii, kwa hiyo inapaswa kuwekewa bajeti, mafunzo na usimamizi kabla ya kitanda. Inapaswa pia kupelekwa mtaani, karibu na mtu anapoishi, kwa sababu mtu husema yaliyo moyoni mwake kwa urahisi zaidi akiwa mahali asipoogopa kuonekana.

Ili tuelewe tulifikaje hapa, turudi nyuma kidogo. Hospitali ya Mathari, iliyo kando ya barabara ya kwenda Thika, ilianzishwa mwaka 1910 kama nyumba ya kuwafungia waliohesabiwa kuwa vichaa. Katika enzi ya ukoloni wagonjwa walitengwa kwa rangi, Wazungu kwao, Waasia kwao, Waafrika kwao, na hali za wadi zilitofautiana kama tofauti za rangi zilivyotaka. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 msimamizi wake alikuwa J. C. Carothers, tabibu aliyeingia kazini humo bila kusomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba ugonjwa wa kuzama katika huzuni ni nadra kwa Waafrika, na akamfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Maneno hayo ni ya kutusi, na wasomi wameyajibu ipasavyo. Lakini kando ya tusi kuna kosa la hesabu ambalo lingali linatuumiza. Carothers aliwahesabu walioletwa Mathari. Mwafrika wa miaka ile aliletwa Mathari alipopiga watu, alipovua nguo barabarani, alipokamatwa na polisi. Mama aliyekaa kimya jikoni wiki nzima bila kula hakuletwa. Mtu aliyelemewa kwa lugha yake, nyumbani kwake, hakuingia katika hesabu, na kwa kuwa hakuingia, ikasemwa hayupo.

Nimelitaja kosa hilo kwa sababu halikufa na ukoloni. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Profesa David Ndetei na wenzake, uliofanywa katika hospitali na vituo kumi vya kawaida nchini Kenya, si hospitali za akili. Wagonjwa waliokuja kwa maradhi yao ya kila siku waliulizwa maswali kuhusu hali ya moyo na fikra zao. Takriban asilimia 42 walikuwa na dalili za sonona, ule ugonjwa wa kuzama katika huzuni, kuanzia hafifu hadi kali. Dalili si sawa na ugonjwa uliothibitishwa, na hapo tuwe waangalifu. Hata hivyo, tuiweke namba hiyo kando ya ile nyingine iliyotoka katika utafiti huohuo: waliokuwa wameandikiwa na matabibu wao kwamba wana tatizo lolote la akili walikuwa asilimia 4.1 tu. Yaani watu walikuwa tayari ndani ya kituo, wamekaa kwenye benchi, kadi mkononi, na bado hawakuonekana. Nani anaweza kusema hapo kwamba shida ilikuwa upungufu wa vitanda?

Tukitazame kile kinachotendeka kwenye benchi hilo kwa karibu. Mama anaingia kwa tabibu baada ya kusubiri tangu saa moja asubuhi. Nje foleni ni ndefu. Anaulizwa, "Unaumwa wapi?" Swali hilo limeshamwelekeza kwenye mwili, naye anajibu kwa mwili: kichwa, mgongo, moyo unadunda, usingizi hauji. Kiswahili anacho cha sokoni, cha kupanga bei na kuuliza njia, lakini maneno ya ndani anayo kwa lugha ya mama yake. Tabibu anaandika dawa ya maumivu na ya vidonda vya tumbo, mama anashukuru, anaondoka. Baada ya wiki tatu anarudi na kichwa kilekile. Hapa si kwamba tabibu ni mzembe au mama ni mgumu wa kusema. Wamekutana kwenye kipande kidogo cha lugha wanachokijua wote wawili, na katika kipande hicho kinachoumwa ni mwili peke yake. Na kama mama hajui Kiswahili kabisa, kama ilivyo kwa wazee wengi walioletwa mjini na watoto wao na kwa wakimbizi waliofika juzi, mkalimani huwa ni yeyote aliye karibu: mfagizi, mlinzi wa lango, au mtoto wa darasa la nne aliyeshikwa mkono. Mtoto huyo ndiye atakayeambiwa amwulize mamake kama amewahi kufikiria kujiua. Sijui mzazi ambaye angejibu ndiyo.

Labda utasema kwamba lugha za Nairobi ni nyingi mno na kazi hii haina mwisho. Lakini ukizisikiliza kwa makini, unakuta zinakutana mahali. Mjaluo aliyelemewa husema ana parruok. Mkikuyu atasema ana meciria maingĩ, fikra nyingi. Kule Zimbabwe Mshona husema kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Nasi kwa Kiswahili cha kila siku, si cha vitabuni, husema fulani "ana mawazo", na kila asikiaye anaelewa kwamba hazungumziwi mtu mwenye fikra nzuri. Neno sonona ni zuri, lina mzizi wake katika kitenzi chetu wenyewe, na kule Tanzania limeanza kuzoeleka. Lakini ukimwuliza mtu wa Kawangware kama ana sonona, huenda akakuuliza hiyo ni nini. Ukimwuliza kama mawazo yanamlemea, atakaa chini. Wasomali nao wana neno buufis. Katika kambi za wakimbizi kule Dadaab limekuwa likitumika kwa ile hamu kali ya kuhamia nchi ya mbali, na kwa maradhi ya akili yanayompata mtu pale hamu hiyo inapokatika. Hilo halilingani na neno lolote kati ya yale niliyoyataja. Mhudumu asiyelijua atadhani anasikiliza habari za safari. Kwa hiyo mengi ya maneno haya yanafanana, machache hayafanani, na yote yanaweza kufundishwa. Orodha ya maneno ya dhiki kwa lugha kumi za jiji ni kazi ambayo wanaisimu wa vyuo vyetu, wauguzi na wazee wa mitaa wangeweza kuifanya kwa pamoja pasipo kungoja mfadhili.

Sheria, kwa upande wake, imetembea mbele kuliko huduma. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na inaziachia kaunti kazi ya kutoa huduma hiyo. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yalisisitiza ridhaa ya mgonjwa na huduma katika jamii. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka miwili, kinakiuka Katiba. Hukumu hiyo ni kubwa, kwa sababu mtu hawezi kumwambia mhudumu kwamba anataka kufa ikiwa maneno hayo yanaweza kumpeleka kizimbani. Lakini tazama jambo moja. Kifungu cha 50 cha Katiba hiyohiyo kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Mtu aliyeshtakiwa kwa kuiba kuku atapewa mkalimani, na kesi haiendelei mpaka apatikane. Mtu yuleyule akifika kituo cha afya anaogopa kwamba majirani wanamtilia sumu katika chakula, hana haki ya namna hiyo iliyotajwa waziwazi katika Katiba. Na ridhaa inayodaiwa na sheria ya 2022 itakuwa ridhaa gani, ikiwa aliyeitoa hakuelewa aliulizwa nini? Tulishakubali mahakamani kwamba haki bila lugha si haki. Tulipeleke wazo hilohilo upande wa pili wa barabara.

Kuna anayeshuku kwamba huduma ya mazungumzo inayotolewa mtaani na watu wasio madaktari ni huduma hafifu, huduma ya maskini kwa maskini. Shaka hiyo ni ya haki na inastahili jibu la ushahidi. Hapahapa Nairobi, katika mitaa ya kipato cha chini, ulifanywa utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wanawake waliokuwa wamepitia ukatili wa kijinsia na walioonyesha dhiki ya akili. Wanawake 421 waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipelekwa kwa muuguzi kama ilivyo kawaida, wengine walikutana mara tano, dakika tisini kila mara, na mhudumu wa afya ya jamii aliyefunzwa namna ya kusikiliza, kutuliza pumzi, kuchambua tatizo na kuchukua hatua ndogo ndogo. Wahudumu hao hawakuwa wanasaikolojia. Miezi mitatu baadaye, wale waliokutana nao walikuwa na dhiki pungufu kuliko wenzao. Tofauti haikuwa ya miujiza, ilikuwa ya wastani, lakini ilikuwepo na ilipimwa kwa njia ambayo dawa mpya hupimwa.

Kule Harare, Zimbabwe, walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kwa kuwafunza kina bibi wachache wa mtaa wa Mbare kuzungumza na watu waliolemewa. Hakukuwa na chumba cha kuwapa katika kliniki, basi wakakaa nje kwenye benchi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watu 573 katika kliniki 24 za jiji hilo. Baada ya miezi sita, waliozungumza na kina bibi na bado wakawa na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7, na kwa wale waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo walikuwa asilimia 49.9. Jambo linalonivutia zaidi ya namba hizo ni kwamba kipimo kilichotumika kuwahoji kilitungwa kwa Kishona, kutokana na maneno ya Washona wenyewe wanapoeleza dhiki, kufungisisa likiwa mojawapo. Walianza na lugha, kisha wakajenga huduma juu yake. Kuiga benchi ni rahisi, seremala yeyote wa Gikomba atalitengeneza kwa siku moja. Kazi iliyo chini ya benchi ndiyo inayopaswa kuigwa.

Nairobi ina nguvu moja ambayo haijaitumia vya kutosha. Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahudumu wa afya nyanjani wapatao laki moja nchi nzima, kila mmoja akikabidhiwa takriban nyumba mia moja. Ni watu wanaoishi mtaa uleule, wanaojua mlango upi hufunguliwa asubuhi na upi umefungwa siku ya tatu. Walipewa mkoba: ndani yake kuna kipima presha, kipima sukari, kipimajoto, mizani, utepe wa kupima mkono wa mtoto, na simu ya kuingizia taarifa. Ukiutandaza mkoba huo mezani, kila kifaa kina ugonjwa wake. Huzuni haina kifaa humo, na haiwezi kuwa nacho, kwa sababu kifaa chake ni swali lililoulizwa vizuri. Mhudumu ambaye tayari anaifunga mikono ya watu kwa kipima presha kila wiki anaweza kufundishwa maswali manne au matano, kwa lugha ya nyumba anayoingia: usingizi ukoje, chakula kinapita, kazi ulizozipenda bado unazipenda, mawazo yamekufikisha mahali pa kutamani usingekuwepo? Afundishwe pia nini cha kufanya jibu likiwa ndiyo, maana kuuliza bila kuwa na pa kumpeleka mtu ni kumwongezea mzigo. Na alipwe. Kwa miaka mingi kazi ya kusikiliza shida za watu imeachiwa wanawake wa kujitolea, na huduma inayotegemea kujitolea kwa walio maskini huvunjika mara tu kodi ya nyumba inapopanda.

Sasa nije kwenye pingamizi ambalo kwa Kenya ni zito kuliko yote. Wapo watakaosema: ukianza kuhudumia watu kwa lugha za makabila, unaurudisha ukabila kliniki. Nchi hii inakumbuka ghasia za baada ya uchaguzi za mwaka 2007 na 2008, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini kumtenga mtu kwa kabila lake ni jambo moja, na kumfuata mtu huyo kwa lugha yake ndani ya kituo kimoja, foleni moja, dawa moja, ni jambo lingine kabisa. Mathari ya mkoloni iliwatenga. Ninayoitetea hapa ni zahanati ileile ya wote, yenye mkalimani anayepatikana, ana kwa ana au kwa simu, kama vile mtu anavyokuwa na haki ya kupanda matatu yoyote kwa nauli ileile. Kiswahili kibaki lugha ya kituo, lugha ya kuandikia vibao na ya kuongea na umma, maana ndicho kinachotuunganisha. Ila mtu asilazimishwe kulia kwa lugha asiyoitumia kulia.

Pingamizi hilo lina ndugu yake ambaye huzungumzwa kidogo, nami naona ndiye mwenye uzito zaidi katika utendaji. Wagonjwa wengine hawataki kabisa kuhudumiwa na mtu wa kwao. Msichana wa Kisomali huko Islii anaweza kuogopa kwamba mkalimani ni wa ukoo wake, na kwamba siri yake itafika msikitini au dukani kabla yeye hajafika nyumbani. Mkimbizi kutoka mashariki ya Kongo anaweza kukutana na sauti ya lugha ya wale waliomfukuza. Kijana aliyezaliwa Eastlands huenda lugha ya babu yake haijui, na Kiswahili sanifu anakiona cha mtihani, yeye anafunguka kwa Sheng. Kabila lililoandikwa katika kadi haliwezi kutuambia lolote kati ya hayo. Ndiyo maana chaguo lazima liwe la mgonjwa, lililoulizwa waziwazi mwanzoni: ungependa tuzungumze kwa lugha gani, na ungependa mkalimani awe mwanamke au mwanamume, wa hapa au wa mbali? Ukalimani wa simu unasaidia hapa, kwa kuwa sauti iliyo Garissa au Kisumu haitakutana na mgonjwa sokoni. Mkalimani naye ale kiapo cha siri, afundishwe kutafsiri alichosikia bila kukipamba wala kukipunguza, na apewe mahali pa kutua mizigo aliyoisikia, maana atabeba maneno ya wengi. Viziwi wasisahauliwe katika hesabu hii. Lugha ya Ishara ya Kenya imetajwa katika Katiba, na kiziwi mwenye dhiki huachwa nje ya mazungumzo kuliko mtu mwingine yeyote jijini.

Kuna wanaosema: basi, ikiwa huduma inahamia mtaani, Mathari ifungwe. Kabla hatujalisema neno hilo kwa wepesi, tuitazame Johannesburg na mkoa wa Gauteng, Afrika Kusini. Mwaka 2015 idara ya afya ya mkoa huo ilivunja mkataba na vituo vya Life Esidimeni vilivyokuwa vikiwatunza wagonjwa wa akili wa muda mrefu. Sababu zilizotolewa zilikuwa kupunguza gharama na kuwarudisha wagonjwa kwenye jamii. Zaidi ya watu elfu moja walihamishwa, wengi wao wakapelekwa kwa mashirika ambayo hayakuwa na chakula cha kutosha, wala wauguzi, wala dawa. Watu 144 walikufa. Mwaka 2018 jaji mstaafu Dikgang Moseneke, aliyeongoza usuluhishi wa suala hilo, aliagiza familia zilipwe fidia. Neno jamii lilikuwa zuri katika barua za ofisini, ila huko walikopelekwa wagonjwa jamii haikuwa imeandaliwa. Kwa hiyo mpangilio wa hatua ni muhimu. Mtu anayesikia sauti zinazomwamuru adhuru, au aliyeacha kula na kunywa, anahitaji dawa, uangalizi na pengine kitanda, na mazungumzo ya benchi hayatamtosha. Mathari ipungue polepole kadiri hospitali za kaunti zinavyoweza kumpokea mgonjwa kwa siku chache karibu na kwao, na kadiri zahanati zinavyokuwa na dawa za msingi zisizokatika. Kwa mgonjwa aliyetulia, mwezi mmoja wa kukosa dawa unatosha kumrudisha alikotoka.

Kuhusu waganga, wachungaji na masheikh sitakaa sana, ingawa nao wana nafasi. Watu wengi hupita kwao kwanza, na hilo halitabadilishwa kwa kuwakemea. Kule Makueni watafiti wa Kenya waliwakalisha waganga wa jadi, viongozi wa dini na wahudumu wa kliniki kwenye mazungumzo, wakawafundisha kutambua dalili na kuwaelekeza wagonjwa hospitalini. Ilionekana kwamba ushirikiano unawezekana pale kila upande unapoheshimiwa. Nairobi inaweza kujifunza hapo. Mpaka mmoja uwe wazi: minyororo, viboko na kufungisha watu kwa nguvu havina mjadala, hata vikifanywa kwa jina la imani yoyote.

Mwingine atauliza, kwa uchungu wa kweli: mtu ambaye nyumba yake ilibomolewa kando ya mto Mathare baada ya mafuriko ya mwaka 2024, unampeleka kuzungumza ili iweje? Anachohitaji ni nyumba. Nakubali kabisa kwamba anahitaji nyumba, na kwamba hakuna ushauri nasaha unaolipa kodi. Serikali inayobomoa bila kuwahamishia watu mahali haiwezi kujisafisha kwa kuwatumia mshauri. Lakini mtu aliyelemewa mpaka hawezi kuamka hataweza pia kusimama kwenye foleni ya fidia, kufuatilia karatasi, wala kwenda kwenye kikao cha wapangaji. Kina bibi wa Harare humsaidia mtu kuchagua tatizo moja, kodi au ada au ugomvi wa ndoa, na kulishughulikia hatua kwa hatua mpaka apate nguvu ya kulishika la pili. Huduma ya namna hiyo inashikana mikono na mapambano ya makazi na kazi, haishindani nayo.

Imebaki fedha. Kwa wastani serikali za dunia hutenga kama asilimia 2 tu ya bajeti za afya kwa afya ya akili, na katika nchi zetu hali ni duni zaidi. Madaktari wa magonjwa ya akili nchini Kenya wamekuwa wakikadiriwa kuwa kama mia moja na ushei, wengi wao wakiwa mijini. Hatutawafanya kuwa elfu kumi kesho. Ila tunaweza kuamua watatumiaje muda wao. Daktari mmoja anayewasimamia wahudumu hamsini wa mtaani, akisikiliza kesi zao ngumu kila wiki na kupokea wale tu wanaohitaji mkono wake, anafikia watu wengi kuliko akikaa peke yake ofisini. Na mkalimani aliyefunzwa ni nafuu kuliko makosa ya kutomwelewa mgonjwa: vipimo visivyohitajika, dawa za tumbo zisizotibu tumbo, na wiki za kulazwa mtu ambaye angetambuliwa mapema.

Jambo hili la fedha lina tarehe zake. Kila mwaka, kufikia tarehe 28 Februari, kaunti huwasilisha bungeni kwake waraka wa mwelekeo wa matumizi, na kufikia mwisho wa Aprili makadirio ya bajeti yenyewe, na kisheria wananchi wana haki ya kushirikishwa. Katika vikao hivyo vya wadi watu huzungumza kuhusu barabara, mitaro na taa, na ni haki yao. Ukipata nafasi ya kusimama, fungua ukurasa wa afya na utafute mstari wa ukalimani. Uliza ni shilingi ngapi zimetengwa, kwa lugha zipi, katika zahanati zipi, na nani atawalipa wahudumu wa nyanjani watakaouliza yale maswali manne. Kama mstari huo haupo, omba iandikwe papo hapo kwenye kumbukumbu za kikao kwamba uliuliza, na jina la mtaa wako liandikwe mbele yake.